Wakwe wa Rafiki Yangu Walicheka, Mimi Nikamponza

Mimi ni mkosa, wala sitafuti wa kunitetea. Niacheni niseme tu, maana jambo hili nimelibeba miaka mingi.

Lile turubai la trekta lililopotea wakati wa ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga hapa Nachingwea, nililiiba mimi. Nililificha kwa rafiki yangu Saidi, kule Lionja, bila yeye kujua. Likakutwa kwake, akafungwa yeye, nami nikanyamaza!

Baadaye nikafungwa kwa ugomvi wa pombe, nikamkuta jela. Nilimweleza yote nikilia. Hakunipiga. Alisema tu, "Mjomba wa mke wangu anataka kunifukuza kwa wizi huo."

Kwetu mwanamume akioa huhamia kwa wakwe. Mjomba wa mke akisema ondoka, unaondoka na nguo zako, watoto wanabaki.

Sikukuu ya Idi, Bwana Jela alituruhusu wafungwa tucheze mchezo wa kuigiza uani, na ndugu zetu waje kutazama. Saidi akaninong'oneza, "Wewe cheza mwizi. Mwishoni sema turubai uliliiba wewe, ukalificha kwa mwenzio. Askari watadhani ni mchezo. Mjomba ataelewa." Nikaapa!

Siku ikafika. Nilijipaka majivu, nikavaa gunia, watu wakacheka mpaka askari mmoja akaangusha kofia. Loo, kicheko kitamu jamani! Kufika kwenye yale maneno, nikamwona Bwana Jela ananikazia macho. Nilikuwa nimebakiza siku tisa nitoke. Woga ukanishika, na kile kicheko nacho sikutaka kikatike.

Nikamgeukia Saidi, aliyevaa kanga akicheza mke wa mwizi. "Mwizi si mimi, ni huyu! Hata hiyo kanga kaiiba!"

Watu walivunjika mbavu. Saidi alibaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi. Yule mjomba alimshika mkono mpwa wake, mke wa Saidi, wakatoka.

Nilipofunguliwa nilikwenda Lionja moja kwa moja. Nikampigia magoti mjomba, nikasema turubai nililiiba mimi, Saidi hana kosa. Machozi yalinitoka kweli kweli, wallahi!

Mzee akanitazama, halafu akaanza kucheka. "Wee bwana, unajua! Jamani njooni, yule mchekeshaji wa jela kaja!" Wakaja, wanawake kwa watoto, wakanizunguka. Kila nilivyolia ndivyo walivyozidi kucheka.

Saidi alitoka akakuta mkewe kaozwa mtu mwingine. Alikwenda zake mashamba ya mkonge, hajarudi hata leo. Wanawe wawili wakiniona njiani hunikimbilia. "Baba mdogo, tuigizie mwizi!"

Wenzangu, ukiwa na neno la kumsafisha mwenzio, liseme siku ileile uliyoombwa, hata kama litakufunga. Ningeongezewa kifungo, ningekuwa nimeshatoka zamani. Sasa niko nje, na hakuna anayeniamini.