Hofu ya Mtu Asiyedaiwa

Tumpale Mbonile alikuwa na shahada ya uhasibu, chumba cha kupanga nyuma ya maegesho ya malori Tunduma, na usafi wa kutia shaka: tangu azaliwe hakuwahi kukopa hata chumvi.

Usafi huo aliurithi. Baba yake, mzee wa kanisa kule Itumba, anaamini Shetani alipotupwa duniani alipewa kazi mbili tu, majaribu na mikopo. Tumpale alipopata nafasi ya chuo, wenzake walijaza maombi ya mkopo wa wanafunzi. Mzee Mbonile akauza ng'ombe. Mwaka wa pili akauza tena. Siku ya mahafali zizi lilikuwa limebaki na samadi peke yake, na mzee aliwaonyesha wageni zizi hilo kwa fahari, kama mtu anayeonyesha sebule mpya. "Mwanangu hadaiwi na mtu!"

Ajira nazo hazikumdai. Zilipita mbali kabisa.

Lakini Tunduma, mji wa mpakani, kuna malori, kila lori lina makaratasi, na kila karatasi inataka nakala. Tumpale akaona kibanda kitupu jirani na ofisi za mawakala wa forodha. Mwenye kibanda akakubali kumwekea mpaka Jumamosi, baada ya hapo angempa muuza chipsi. Kilichokosekana ni mashine ya fotokopi. Ndipo, bila baba kujua, akaenda kuomba mkopo kwenye SACCOS moja ya mjini.

"Umewahi kukopa wapi, dada?" aliuliza afisa mikopo, bwana mmoja mpole aitwaye Nathanaeli.

"Sijawahi kukopa popote, kaka." Alisema hivyo kama mtoto aliyekariri vizuri mstari wa Jumapili.

Nathanaeli akaweka kalamu chini. "Hata kwenye simu? Hata bodi ya mikopo?"

"Hata."

"Basi nitajuaje kama unalipa?"

"Si kwa sababu sidaiwi?"

"Marehemu pia hawadaiwi, dada, na siwakopeshi." Akafikiri. "Nitakuja unapoishi niulize majirani. Wao ndio watakuwa historia yako."

"Utakuja lini?"

"Nikikuambia lini, utakodi majirani."

Tumpale alitoka pale akiwahesabu majirani kwa vidole. Mitihani yote aliyofanya ilikuwa na tarehe na maswali ya kukisia. Huu ulikuwa unasahihishwa na wapangaji wenzake, ambao hata hawakujua kuwa wanausahihisha, na yeye kwa aibu hakuwaambia. Msomi mzima aseme anaomba kuaminiwa?

Usiku alihesabu dhambi zake. Fortunata wa chumba cha pili aliwahi kumwomba pasi, akamwambia imeungua. Mama Lusubilo, mwenye nyumba, alimkuta siku moja akila ndizi peke yake. Kesho yake Tumpale akaanza toba. Alifagia choo ambacho zamu haikuwa yake, akagawa mkaa, akaamkia watu mara mbili mbili, mpaka wapangaji wakaanza kunong'ona.

"Ameokoka?" aliuliza Fortunata.

"Ana mimba," alisema Mama Lusubilo. "Wokovu hauna haraka hivyo."

Na hapa ni lazima ijulikane kwamba ua ule ulikuwa na hofu yake tayari. Karibu kila mlango ulikuwa na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali unaoanza kwa tabasamu na kumalizikia kwenye makochi yako. Wakusanyaji walipokuja kuchukua la Mama Lusubilo, mgeni aliyekuwa amelikalia aliombwa kwa adabu anyanyuke. Tangu hapo ua ukaweka utaratibu: atakayemwona mwanamume wa pikipiki mwenye begi kifuani, atwange kinu kitupu. Kinu kikilia, ua unabaki na kuku.

Tumpale alikuwa akiwacheka. Kinu kilipolia, yeye aliendelea kusoma gazeti. Kilimhusu nini?

Alhamisi asubuhi alikuwa bombani, ndoo imejaa nusu, kinu kikaanza. Milango ikafungwa. Mara Fortunata akatokea mbio, kanga mkononi.

"Tumpale! Anakutaja wewe! Jina lako lote, mpaka la baba!"

Kichwa cha Tumpale kilikuwa na shahada, ila miguu haikuwahi kusoma. Ilimtoa bombani na ndoo yake kabla akili haijauliza swali hata moja. Na kwa kuwa hakuwa na uzoefu wa kukimbia deni, alikimbilia mbele, kupitia mlango mkubwa, akampita yule mwanamume wa pikipiki hatua chache tu, akimmwagia maji kiatuni. Akakata kati ya malori, akatumbukia kwenye kichochoro wanachopita wachuuzi. Alipokuja kusimama alikuwa Nakonde, upande wa Zambia, amelowa mpaka kiunoni, anahema.

"Mayo mwe!" alishangaa kwa lugha yake mama mmoja muuza nyanya. "Ninyi wa Tanzania mkikimbia na ndoo, huwa ni mkopo."

"Mimi sidaiwi, mama."

"Wote wanasema hivyo. Kaa, upumzike."

Tumpale akakaa juu ya kreti tupu, na hapo ndipo akili ilipomfikia. Kiatu kile. Kalamu mfukoni. Alikuwa Nathanaeli.

Mtu aliyekuja kuuliza kama ni mwaminifu, amemwona akivuka mpaka kwa mbio. Akibaki Nakonde, kibanda kimekwenda na jina lake limekwenda. Akirudi, atasema nini? Muuza nyanya akampa nyanya. Tumpale alishindwa kuimeza. Akainuka akarudi, polepole, kila lori likimwangalia kwa taa zake kubwa kama mtoza ushuru.

Uani, Nathanaeli alikuwa amekalishwa kwenye kigoda, kiatu kimoja kimelowa, na ua mzima ulikuwa unamdanganya kwa moyo mkunjufu.

"Alishahama, baba," alikuwa akisema Mama Lusubilo. "Ameolewa Lusaka. Mume mnene."

"Lakini huyu dada amesema mlimzika Itumba."

Fortunata hakutetereka. "Alianza kuolewa, ndipo akafa."

Tumpale akaingia na ndoo. Macho yote yakamwambia: rudi nje, mjinga wewe!

"Shikamoo, mama," alisema. "Kaka Nathanaeli, mimi hapa."

"Karibu, marehemu," alisema Nathanaeli. Hakucheka. "Kwa nini umekimbia?"

"Nilisikia jina langu."

"Unadaiwa na nani?"

"Hakuna."

"Nimefanya kazi hii miaka mingi. Wadaiwa huwa wananikimbia. Asiyedaiwa kunikimbia, wewe ndiye wa kwanza. Sasa niandike nini?"

Kwa maswali hayo majirani wakafahamu kuwa yule amekuja kutoa mkopo, si kuchukua vitu, na wakaanza kumsifu wote kwa pamoja: mfagiaji wa choo, mgawa mkaa, malaika! Sifa zikazidi kumzika.

"Andika nimekimbia," alisema Tumpale. "Ila andika pia nimerudi mwenyewe. Uwaulize hapa, kaka, kinu kikilia, nani huwa anarudi mkusanyaji akiwa bado amekaa?"

Ua ukanyamaza. Mama Lusubilo akatazama kuku.

Nathanaeli aliufikiria ule ukimya kwa muda mrefu kuliko sifa zote. Kisha akavuta fomu kutoka kwenye begi. "Ukichelewa kurejesha, Tumpale, sitakuja na maswali."

Sahihi ilitoka kama ya mtu mwingine. Majirani walimtazama anavyosaini kama watu wanaomwona mwenzao akishushwa kisimani. Pikipiki ilipoondoka, Mama Lusubilo akamkumbatia, kwa mara ya kwanza tangu apange pale.

"Sasa umekuwa mwenzetu. Njoo nikuonyeshe nyuma ya choo, pale ukuta ulipo mfupi. Mlango mkubwa haukimbiliwi, mwanangu. Ni ushamba."

"Mimi sitakimbia tena, mama."

"Ndivyo tulivyosema sote."

Tumpale akatabasamu kwa shida. Akatua ndoo, akajikausha mikono, akamfuata kwenda kuutazama ukuta.