Kuku Aliyemtembeza Mama

Baba alipofariki, presha ya mama ilipanda mpaka nikadhani ukimwekea sufuria kichwani chai itachemka. Nesi wa zahanati ya mtaa wetu hapa Gongoni akasema anywe dawa, apunguze chumvi, na kila asubuhi atembee. Dawa alikunywa. Chumvi alipunguza siku mbili. Kutembea akakataa kabisa.

"Nitembee niende wapi? Nimetumwa?"

"Utembee tu, mama. Ni mazoezi."

"Mtu mzima kama mimi nizurure na baibui mtaani, sina kikapu, siendi msibani! Unataka waseme nimerukwa na akili?"

Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu na mke, na moyo wa binadamu nauchora nimefumba macho. Nikamchorea mama, vyumba vyote vinne. Akautazama, akasema umekaa kama embe bovu, akajilaza tena mkekani.

Aliyemwinua ni kuku. Ugonjwa wa mdondo ulifagia banda letu lote, ukafagia na ya majirani, alfajiri mtaa mzima ukawa kimya kama majogoo wamegoma. Kwetu akabaki tetea mmoja mwekundu, jicho moja limeziba, hataki pumba, hataki mtama. Mama akamwangalia siku nzima. "Mjane mwenzangu," akasema, na kesho yake akatoka na kopo kumtafutia mchwa.

Kichuguu kizuri kiko njia ya Ntalikwa, mwendo ambao naapa ungemchosha ngamia. Mama alikuwa anakiwekea chungu chenye mabua na kinyesi cha ng'ombe kikavu, kesho yake anakwenda kukifunua, mchwa wamejaa. Basi kila asubuhi akawa na safari. Mtu akimuuliza aendako, anaonyesha kopo, yameisha. Akirudi anakaa uani, kuku anadonoa miguuni pake, naye anamsimulia habari za baba, zile ambazo hata mimi sikuwahi kusimuliwa. Kuku anainamisha kichwa kwa upande wa jicho zima, kama mtu anayesikiliza kesi.

Baada ya miezi kadhaa nesi alipima presha, akapima tena, akagonga mashine akidhani imekufa.

"Mama, kuna dawa nyingine unatumia?"

"Natumwa na kuku," mama akasema, na nesi akacheka mpaka akaketi. Mimi nikatoka pale kifua mbele, kana kwamba kuku nimemtaga mwenyewe.

Kisha wakaja wakwe. Baba mkwe na kaka yake, kutoka Puge, asubuhi, bila taarifa, kwa kuwa mkwe hahitaji taarifa. Shikamoo, marahaba, karanga, chai. Kuku akaingia sebuleni kumtafuta mama.

"Ee!" baba mkwe akasema. "Kuku gani huyu? Mnamlisha nini, ubwabwa?"

Kwetu mkwe hapewi mchicha. Mkwe huchinjiwa kuku, na firigisi huwekwa kwenye sahani yake yeye. Bila hivyo hukumpokea. Na banda letu lilikuwa na kuku mmoja tu. Nikasimama.

"Nafika sokoni mara moja, baba."

"Keti, mkwe. Tumefuata soko sisi, au tumekufuata wewe?"

Nikaketi. Nikamtazama mke wangu, akatazama sakafu. Nikamtazama mama. Neno moja lingetosha, lakini neno lenyewe lipi? Umwambie mzee aliyekupa binti yake kwamba kuku huyu haliwi, ni rafiki? Mimi mwenye cheti sikuweza kulitamka.

"Mwanangu," mama akasema, kwa sauti ya kuagiza maji, "mchinjie baba yako huyo kuku."

"Mama..."

"Kisu kiko juu ya kabati."

Kuku hakukimbia. Alikuwa amezoea kushikwa. Nilimwelekeza kibla, nikasema bismillahi, na hapo utani wangu wote uliisha.

Baba mkwe alikula kwa furaha. Firigisi aliipasua vipande viwili, kwa upendo kabisa, akatuma kimoja kwa mama jikoni. "Mpelekeeni yeye. Ndiye aliyefuga."

Mama alikila. Sahani ilirudi safi, na salamu za asante.

Tangu siku hiyo amerudi mkekani, na presha imerudi ilikokuwa. Nesi haigongi mashine tena, ananitazama mimi. Nimenunua vifaranga, mke wangu ndiye anayewalisha. Mama hata hawafukuzi wakimkanyaga miguu. Nimechora tena ule moyo. Baba mkwe hajui, na hatajua. Kila akipiga simu anamsifu kuku yule, namwambia karibu tena, baba.

Jana nilikwenda mwenyewe njia ya Ntalikwa. Chungu kilikuwa pale pale, kimefunikwa, mchwa wamejaa pomoni. Nikajaza kopo, nikalileta mpaka mkekani.

Mama akafungua macho. "Wa nani hao?"

Nilibaki nimesimama na kopo, mchwa wakinipanda mkononi, naye akageukia ukutani.