Utepe wa Buluu kwenye Taa ya Injini

Kiwanda nilichofanyia kazi kilipouzwa kwa mtu binafsi, wengi tulipunguzwa. Kiinua mgongo changu chote nilinunulia gari dogo la Kijapani, mtumba, nikalifanya teksi ya Kyela na Ipinda. Aliyeniuzia ni rafiki yangu wa Bujonde, wa rika langu. Sikwenda na fundi kulikagua. Kwetu Wanyakyusa, urafiki wa watu waliokula sahani moja tangu utotoni una jina lake, ukwangala. Kumpelekea mtu kama huyo fundi uani ni kumtukana mbele ya mkewe.

Haikuchukua muda injini ikaanza kuzimika. Ilizimika ikishapata moto, katikati ya mashamba ya mpunga. Ikipoa, iliwaka kama haijafanya kosa.

"Dereva, leo tunapanda au tunasukuma?" mama mmoja aliniuliza, akashusha mkungu wake wa ndizi. Abiria wakacheka, kisha wakahamia kwenye pikapu iliyokuwa nyuma yangu. Nikajua nikiendelea hivi, nyumbani hatutakula.

Nililipeleka gari kwa fundi mmoja pale mjini, mtoto wa muuza duka mwenye asili ya pwani. Alifunua boneti, akaunganisha matundu mawili ya kisanduku kidogo kwa kipande cha waya, akafungua swichi bila kuwasha injini.

"Sasa tazama taa ya injini, bwana. Itakonyeza. Tukihesabu, itatuambia inaumwa wapi."

Taa ya oili iliwaka. Ya betri iliwaka. Ya injini, giza.

"Tangu umelinunua, umewahi kuiona ikiwaka?"

Nilikuwa mtu wa kutazama kila kitu, lakini hilo sikulitazama.

Akafungua dashibodi. Balbu ilikuwa nzima, ila imeviringishwa utepe wa umeme wa buluu. Pande zote kulikuwa na vumbi la miaka. Utepe ulikuwa safi, gundi yake bado inanata.

"Gari yako imezibwa mdomo," fundi alisema.

Alipoubandua, taa ikakonyeza mara moja, ikapumzika, ikakonyeza mara tatu, ikarudia hivyo hivyo. Akanieleza kwamba kifaa kilichomo kwenye distribyuta, kinachoipa kompyuta habari za mzunguko wa injini, kimechoka. Kikipata joto kinanyamaza, na kompyuta haijui tena wakati wa kutoa cheche.

Niliuchukua ule utepe, nikaenda Bujonde kwa baiskeli. Njiani nilimtafutia visingizio: labda ni aliyekuwa nalo kabla yake, labda ni huko lilikotoka.

Rafiki yangu alikuwa barazani anasikiliza redio. Mkonga wa antena ya redio ulivunjika zamani, akaufunga. Safari hii niliutazama vizuri. Ulikuwa umefungwa utepe wa buluu.

"Ugonile! Umefika wakati wa chakula, una bahati ya mbwa," alinisalimu kwa utani. Mkewe akaleta wali na samaki mbasa, akaninawisha. Nikaweka utepe mezani kando ya sahani.

Hakukana. Aliutazama kidogo, akapunguza sauti ya redio.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Wawili walikuja kabla yako. Kila mmoja alikuja na fundi wake, akaliacha gari."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuja peke yako."

Akasogeza sahani kwangu, kama siku zote. Mikono yangu iliyonawishwa ilikaukia hewani.