Waya Uliovuka Kichochoro

Leo nimeiwasha redio ya marehemu baba, sanduku zito la chuma alilolitumia kuzungumza na watu wa mbali, na vumbi likaanza kuungua ndani yake. Harufu hiyo imenipandisha hasira.

Ilinuka hivyo hivyo kila alasiri nilipokuwa mdogo. Baba alinifundisha kubonya kitufe cha maikrofoni niseme, kisha nikiachie nisikilize. Siku moja mwanamume wa ng'ambo akanijibu. Nikapiga vigelegele.

Ami yangu, kaka yake baba, alikuwa mlangoni.

"Binti yetu asikiwe na wanaume wa nti zote?"

Akapanda juu ya dari na koleo, akaukata waya wa redio wa kunasia mawimbi, uliovuka kichochoro hadi nyumba ya jirani. Yule mtu alikuwa bado ananiita. Sauti yake ikamezwa na mchakacho.

Nikamtazama baba. Aliizima redio, akaifunika kitambaa taratibu, kama mtu anayefunika chakula.

"Mwanangu, kamsaidie mamako jikoni."

Alipozikwa, mtaa mzima ulimsifu kwamba hakuwahi kugombana na mtu.

Ni kweli. Hata siku ile.