Mlio wa Pili Handakini

Usiniambie nilikuwa nimechoka. Kila ninayemsimulia huniambia hivyo, kisha anabadilisha mazungumzo. Mimi nilikuwa macho, chai yangu nimeshakunywa, na niliyoyaona niliyaona.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Barking, na kazi yangu ilikuwa kupeleka vifurushi kwa pikipiki. Kampuni ilimpa kila dereva kidude cha kulipia handaki linalopita chini ya Mto Thames. Unapita nacho tu, kinalia ti! unapoingia na ti! unapotoka, basi, umeshalipa. Wenye magari hukibandika kwenye kioo cha mbele. Sisi kioo hicho tutakitoa wapi? Tulikitia mfukoni mwa koti.

Rafiki yangu Athumani alifia ndani ya handaki hilo, akirudi nyumbani kwa mkewe, Zuhura. Aliteleza, na nyuma yake kulikuwa na lori. Baada ya arobaini tuligawana nguo zake kama desturi yetu, mimi nikapata koti lake la pikipiki. Koti zito, zuri. Nililifurahia, kusema kweli.

Baridi ilipoanza nikalivaa kazini. Jioni moja naingia handakini kutokea kusini, kidude changu kikalia. Mara kikalia kingine, chini ya mbavu zangu. Nikasema labda ni mwangwi. Nilipofika katikati, pikipiki ikadidimia kwa nyuma kama mtu anapopanda, na mikono miwili ikanishika kiuno. Baridi ya mikono ile niliisikia kupitia koti, wallahi. Kwenye kioo cha pembeni nikaona helmeti nyekundu ya Athumani, ile iliyopasuka siku ya ajali.

"Nitoe, ndugu yangu," sauti ikasema sikioni. "Zuhura ananingoja."

Wewe ungefanya nini? Mimi nilivuta mafuta tu, nasoma Ayatul Kursi, nakosea, naanza upya. Nilipotoka nje ulilia mlio mmoja peke yake. Pikipiki ikawa nyepesi, na nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Nyumbani nikalipekua lile koti. Mfuko wa ndani ulikuwa umechanika, na kidude cha Athumani kilikuwa kimetumbukia kwenye bitana. Kimepasuka, hata betri hakina. Nikakirudisha mlemle.

Nilikonda kwa mawazo. Rafiki yangu amekwama mle chini, magari yanampitia, na mimi nimevaa koti lake. Niliona lazima atolewe akapumzike. Eda ya Zuhura ilikuwa imekwisha, nikaenda kumweleza. Hakulia.

"Nipeleke, shemeji," akasema.

Nikamwambia, ukimsikia mpe radhi yako, mwambie aende zake salama. Akaitikia kwa kichwa.

Jumapili mchana nikampakia, amevaa lile koti. Tulivuka mto kwanza kwa daraja ili tuingie handakini kutokea kusini, njia aliyokuwa akirudia mumewe. Milio miwili. Katikati, pikipiki ikadidimia tena. Nikapiga kelele, "Sasa, shemeji! Mpe radhi!"

Nikamsikia Zuhura akisema kwa upole, kama mke anayemwamsha mumewe, "Twende nyumbani, baba Rukia."

Tulipotoka, ililia milio miwili.

Mlangoni kwake Zuhura akashuka, pikipiki ikainuka kidogo. Halafu ikainuka tena. "Karibu ndani," akasema, ameushika mlango wazi. Nilidhani ananiambia mimi. Aliufunga nikiwa bado nimekaa juu ya pikipiki.

Tangu hapo siendeshi tena. Nasafisha maofisi, napanda treni. Zuhura amenawiri, anacheka, lakini mapazia hafungui. Juzi niliwapelekea mchele, akanifungulia Rukia, binti yao mdogo. Nikamsalimia kwa sauti. Akaweka kidole mdomoni, akanijibu kwa Kiingereza chake cha kila siku kwamba nisipige kelele, baba amelala.

Kwa hiyo nakusihi, ukigawiwa nguo ya marehemu, pekua mifuko mpaka kwenye bitana kabla hujaivaa. Ukikuta kitu, usimpelekee mjane. Mimi nilitaka rafiki yangu apumzike. Sasa kila nikipita kwao wakati wa magharibi, nyuma ya mlango ule nasikia kidude chake kikilia mara moja, mlio wa kuingia. Wa kutoka sijausikia hata siku moja.