Alipoambiwa Atulie

Mwanatumu binti Suleiman hakuijua tabia yake mpaka siku ilipomharibia maisha. Nasema kumharibia, wala sipunguzi neno.

Ni binti wa ami yangu, tumelelewa nyumba moja hapa Msambweni. Kabla ya skuli alikuwa chuoni kwa Maalim Chirau, na chuoni husomi Kurani umekaa kama gogo. Unayumba, mbele nyuma, mbele nyuma, midomo ikienda, hadi aya ishike. Skuli akaingia na mwendo uo huo. Mito, milima, hesabu, vyote alivisoma kwa kuyumba. Ukimwuliza, "Tumu, mbona wayumba?" atakuapia: "Nani, mie? Wallahi siyumbi!" Hakuwa mwongo, maskini. Mwili ulifanya kazi yake, mwenyewe hana habari.

Mwaka wa pili wa uhuru tukafanya mtihani wa mwisho pamoja. Tumu alitaka ualimu. Ami alikuwa keshakata shauri: akifaulu, atasoma, akianguka, ataolewa na mnyapara wa miwa kule Ramisi, mtu mzima wa kumzaa. Tumu alilia kila alipotajiwa mtu yule.

Msimamizi wa mtihani alikuwa mgeni, Mwalimu Tsuma, Mkristo wa Kaloleni. Chuo cha Kurani hajapata kukikanyaga. Tumu akasoma swali la kwanza, akaanza kuyumba, midomo ikacheza. Bwana yule akamjia mbio.

"Wewe binti! Wamnong'onezea nani majibu? Tulia! Ukitikisika tena, nje!"

Loo, alivyotulia! Nilikuwa nyuma yake. Niliiona shingo imekakamaa na kalamu imesimama juu ya karatasi, haiandiki. Nilimchukia yule mwalimu, na hadi leo sijamsamehe.

Kengele ilipolia Tumu akatoka, akaketi barazani amejikunyata. Punde mgongo ukaanza kwenda wenyewe, na majibu yakamtoka: Tana waanzia wapi, Sabaki wamwagikia wapi, swali baada ya swali, bila kukosea. Mwalimu Tsuma alikuwa akitoka na furushi la karatasi. Akasimama, akasikiliza, uso ukambadilika.

"Binti, mbona hukuyaandika haya?"

"Uliniambia nitulie, mwalimu," akasema Tumu. "Nikatulia."

Baada ya Idi tukampeleka Ramisi.