Betri za Mwethya wa Kasikeu

Niliondoka kwetu Kitui kwa hasira. Ilikuwa miaka ya themanini, na mimi ndiye mkunga wa zahanati ya kanisa letu, huko mashambani. Tulikuwa na taa moja ya betri. Betri ikiisha ilipelekwa mjini kwa basi kuchajiwa, ikakaa huko siku tatu. Mtoto naye hangoji betri! Akina mama walijifungua kwa mwanga wa koroboi. Mwishowe kamati ya kanisa ikaamua taa iuzwe.

"Sista, hii stima ya kubebwa haitufai," Mzee Kilonzo, mwenyekiti, aliniambia.

Nikawaomba wiki moja tu. Nilikuwa nimesikia kwamba Kasikeu karibu kila nyumba ina taa ya betri.

Siku ya kwanza nilifika Machakos, nikalala kwa dada yangu. Kesho yake nikashuka Sultan Hamud na kutembea, vumbi mpaka magotini. Lakini matuta ya mashamba yale, jamani! Yamechimbwa yakanyooka mpaka nikasahau uchovu.

Saa nane nilifika sokoni Kasikeu. Mwenyeji wangu, Mama Mutheu, alikuwa kiongozi wa mwethya, kikundi cha akina mama wanaosaidiana kazi. Alinipeleka kwenye mashine ya kusaga. Injini ilikuwa inasaga mahindi na papo hapo inazungusha dainamo, na betri zimepangwa ukutani zikijaa. Hazikuwa na jina wala alama.

"Ya nani ni ipi?" nikauliza.

"Zote ni za mwethya, mwaitu, mama yangu. Unaleta iliyokufa, unabeba iliyojaa, unaenda."

Nilidhani ananitania. Mara akaja mzee na baiskeli, akashusha moja, akafunga nyingine, akaondoka hata chai niliyopewa haijapoa. Wanawake hawa wana akili!

"Zamani kila mtu alileta yake, akangoja siku mbili," Mama Mutheu alieleza. "Wenye taa walikuwa watatu tu. Tulipoziweka betri pamoja, watu wakaanza kununua bila kuambiwa. Kwenu ziko ngapi?"

"Zahanati ina moja."

"Sikuuliza ya zahanati."

Nyumbani nilikuwa na betri ya redio yangu. Mzee Kilonzo alikuwa na yake, mwalimu mkuu pia. Nyani haoni kundule! Mwaka mzima nailaumu kamati, na mimi jioni nasikiliza taarifa ya habari. Niliona aibu sana.

Jumapili baada ya ibada, kamati ilikaa. Nikawaambia kwamba watu wetu hawakuichukia taa, walichoshwa na kungoja. Mashine ya kusaga tunayo, na fundi wa Kasikeu amekubali kuja kutufungia dainamo. Kisha nikaweka betri yangu mezani.

"Hii ni ya wote kuanzia leo."

Mzee Kilonzo akaitazama. "Na redio utasikiliza wapi?"

"Kwako, mzee."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akachukua kofia yake, akatoka. Nimemuudhi, nikajua, na taa imekwenda. Tukaimba wimbo mmoja, tukaingia wa pili, ndipo aliporudi akihema, amekumbatia betri yake kifuani. Akaiweka kando ya yangu.

"Basi wote twende kwa mwalimu mkuu," alisema.